Kompyuta Inayojizima na Kujiwasha: Nani Ametoa Amri?

Kompyuta ya mezani ambayo hujizima ghafla katikati ya kazi na kujiwasha yenyewe, kisha ikarudia tendo hilo baada ya dakika kumi au baada ya siku tatu, ni miongoni mwa wagonjwa wanaotibiwa vibaya kuliko wote katika ofisi na maduka ya steshenari, na sababu kubwa ya kutibiwa vibaya ni kwamba mafundi wengi, pamoja na wateja wao, huichukua dalili kuwa ndiyo ugonjwa. Katika miji ya Tanzania dawa ya kwanza inajulikana hata na mwanafunzi wa sekondari: mashine hupelekwa kwa fundi "ikapigwe Windows", yaani diski ifutwe na mfumo endeshi, ile programu kuu inayosimamia programu nyingine zote na kuziunganisha na viungo vya mashine, usakinishwe upya. Zipo siku dawa hiyo huponya. Lakini si mara chache mashine hurudi kwa mwenyewe ikiwa safi, nyaraka za miaka minne zikiwa zimepotea, na kabla wiki haijaisha inajizima tena vilevile, kwa kuwa kilichokuwa kikiizima hakikuwamo ndani ya diski tangu mwanzo.

Kompyuta haianguki kwa bahati mbaya kama kikombe kinavyoponyoka mkononi. Kila inapojizima na kuanza upya, kuna sehemu ndani yake iliyotoa amri hiyo kwa sababu maalumu, na sehemu zenye mamlaka ya kutoa amri hiyo ni chache na zinafahamika. Kwa hiyo fundi anayeuliza kwanza ni kifaa gani kimeharibika amelianza swali katikati; anachopaswa kukijua kabla ya kushika bisibisi ni nani ametoa amri, kwa maana jibu la swali hilo huondoa nusu ya washukiwa bila ya kununua kitu chochote.

Ili swali hilo lieleweke, inafaa viungo vyenyewe vitajwe kwa majina yake, kwa kuwa lugha ya ofisini imevichanganya. Kasha zima la chuma linalokaa chini ya meza huitwa na watu wengi "sipiyu", ilhali sipiyu, au kichakataji, ni kipande kimoja tu cha ukubwa wa biskuti kilichofunikwa na feni ndani ya kasha hilo, nacho ndicho kinachofanya hesabu zote. Kichakataji hukaa juu ya mazabodi, ubao mkubwa wa saketi unaounganisha kila kitu. Pembeni yake husimama vipande vyembamba vya ramu, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi inayoendelea na kusahau yote umeme unapokatika. Na kwenye kona ya kasha kuna pawa saplai, kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo ambao viungo hivyo vinaumudu. Mkanganyiko wa jina la sipiyu una gharama yake. Mteja anayeambiwa kwamba "sipiyu imekufa" anaweza kununua kasha zima kumbe kilichokufa ni feni ya bei ya chakula cha mchana, na inasikitisha kwamba hasara hiyo ingeepukwa kwa sentensi moja iliyo sahihi.

Watoa amri wakuu ni watatu. Wa kwanza ni pawa saplai, ambayo kwa waya mmoja maalumu huiarifu mazabodi muda wote kwamba umeme inaoutoa uko sawa, na taarifa hiyo ikikoma mazabodi husimamisha kila kitu papo hapo. Wa pili ni kichakataji chenyewe, ambacho kina kipimajoto ndani yake na huamuru mashine izimwe joto linapokaribia kiwango cha kukiunguza. Wa tatu ni mfumo endeshi, ambao ukigundua kwamba taarifa zake za ndani zimevurugika huona heri usimame kuliko kuendelea na kuandika takataka juu ya nyaraka za mwenye mashine. Wote watatu wanafanya kazi ya ulinzi, kama fyuzi inayokubali kuungua ili nyumba isiungue, na ndiyo maana kumnyamazisha mlinzi bila kujua alichokiona ni kazi ya hatari.

Mfano mzuri wa ulinzi wa namna hiyo ulitokea mbali na meza yoyote, katika sayari ya Mirihi. Chombo cha Marekani kilichoitwa Mars Pathfinder kilitua huko tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye, kilipokwisha kuanza kukusanya takwimu za hali ya hewa, kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya mara kwa mara. Wahandisi hawakuwa na namna ya kubadilisha kifaa wala ya kufuta kila kitu na kuanza upya. Walichokuwa nacho ni mfano wa kompyuta hiyohiyo uliobaki duniani, pamoja na uwezo wa kurekodi kila hatua ambayo programu zake zinapitia. Waliirudia kazi ileile kwenye mfano huo mpaka hitilafu ikajitokeza mbele ya macho yao, na rekodi zikaonyesha kwamba kazi ndogo ya hali ya hewa ilikuwa ikishika ufunguo wa njia ya pamoja ya kupitishia taarifa, kazi ya daraja la kati ikaingilia na kuizuia isimalize, na kazi ya daraja la juu, iliyohitaji ufunguo uleule, ikabaki mlangoni ikingoja; mlinzi wa ndani alipoona kazi ya juu imechelewa, akaamuru kompyuta ianze upya. Dawa iliyotumwa kutoka duniani ilikuwa ni kubadilisha mpangilio mmoja tu. Wahandisi hao walimpata mhalifu kwa sababu hawakuufuta ushahidi, na tofauti yao na fundi anayekimbilia kupiga Windows imo hapo hasa.

Kompyuta ya mezani nayo ina ushahidi wake, ila imeelekezwa kuuficha. Mfumo wa Windows unaposimama kwa sababu ya kosa kubwa huonyesha skrini ya buluu (nyeusi katika matoleo mapya ya Windows 11) yenye jina au namba ya kosa hilo, lakini tangu toleo la Windows XP la mwaka 2001 mpangilio wa kawaida umekuwa ni kuiwasha mashine upya mara tu baada ya skrini hiyo, kiasi kwamba mwenye mashine huona mmweko wa buluu uliopita kama radi ya mbali, au haoni kitu kabisa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mashine iliyopangwa hivi huficha maradhi yake kwa bidii. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya uchunguzi wowote ni kuondoa mpangilio huo: hubonyezwa kitufe cha Windows pamoja na herufi R, huandikwa sysdm.cpl, hufunguliwa ukurasa wa tatu wa dirisha linalotokea, na katika sehemu yake ya chini, inayohusu kuwaka na kurejea baada ya hitilafu, hubonyezwa Settings, kisha huondolewa alama ya vema kwenye mstari unaoiruhusu mashine kujiwasha upya yenyewe. Kuanzia hapo mashine itakuwa imelazimika kusema. Ikisimama na skrini ya buluu ikabaki palepale, aliyetoa amri ni mfumo endeshi, na namba iliyo kwenye skrini inafaa ipigwe picha kwa simu. Ikiendelea kujizima na kuwaka bila ya buluu yoyote, mfumo endeshi haukutoa amri, na uchunguzi uhamie kwenye umeme na vyuma.

Ushahidi wa pili umo katika daftari ambalo Windows huliandika yenyewe kila siku, linalosomwa kwa programu iitwayo Event Viewer. Mashine inapowaka na kukuta kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu, huandika tukio namba 41 lenye jina la Kernel-Power, na jina hilo limewaponza mafundi wengi, kwa sababu wakiona neno linalohusu umeme huenda moja kwa moja kununua pawa saplai mpya. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilikatika; halisemi kilichoikata. Kinachofaa kusomwa kimo ndani zaidi, katika maelezo ya tukio, kwenye mstari wa BugcheckCode: ikiwa hapo pana sifuri, mfumo endeshi haukupata hata nafasi ya kuandika wasia, jambo linaloelekeza kwenye umeme, kwenye mazabodi au kwenye mashine iliyoganda mpaka ikazimwa kwa mkono; ikiwa pana namba nyingine, mfumo wenyewe ndio ulioamua kusimama. Ikumbukwe kwamba namba hiyo huandikwa hapo kwa hesabu ya kawaida ya kumi, ilhali skrini ya buluu na vitabu vya ufundi hutumia hesabu ya kumi na sita, na kwa hiyo 292 ya kwenye daftari ndiyo 0x124 ya kwenye skrini, yaani kosa la vyuma ambalo kichakataji chenyewe kimeliripoti. Fundi asiyejua jambo hilo dogo anaweza kutafuta maana ya namba isiyokuwapo kwa siku nzima.

Kuna jaribio la tatu, nalo halihitaji elimu ya namba. Mashine huwashwa na papo hapo hubonyezwa Delete au F2, kutegemea mtengenezaji, ili kufungua ukurasa wa mipangilio wa BIOS, programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya mazabodi ambayo huamka kabla ya kitu kingine chochote. Mashine huachwa kwenye ukurasa huo kwa saa nzima bila kuguswa. Ikijizima ikiwa hapo, Windows haihusiki kwa vyovyote, kwa kuwa haijaanza hata kupakiwa, na anayetaka kuipiga upya anapoteza muda wake na nyaraka za mteja. Ikitulia, bado haijaachiwa huru, maana kwenye ukurasa huo mashine haifanyi kazi nzito. Hapo hufaa kuiwasha kwa mfumo wa Linux uliowekwa kwenye flashi, bila ya kugusa diski, na kuitumia hivyo kwa nusu siku. Inashangaza kwamba majaribio haya mawili, ambayo hayagharimu hata shilingi, hufanywa mara chache sana kwenye meza za mafundi.

Sehemu ya umeme inahitaji kukaliwa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo mazingira ya Afrika Mashariki yanapoionea kompyuta. Pawa saplai za kompyuta nyingi za mezani hufuata kanuni za ATX zilizotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, ambazo zinataka umeme wa volti 12, wa volti 5 na wa volti 3.3, na kila mmoja hauruhusiwi kupanda wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 5, hivyo kwamba volti 12 hukubalika zikiwa kati ya 11.4 na 12.6. Waya wa kijivu kwenye plagi kubwa ya mazabodi ndio unaobeba ile taarifa ya usalama iliyotajwa hapo juu. Kanuni hizohizo zinaitaka pawa saplai iliyobeba mzigo wake wote iendelee kutoa umeme kwa muda wa takriban milisekunde 16 baada ya umeme wa ukutani kukatika, na hapa ndipo penye siri ya mashine nyingi zinazojizima bila sababu ya kuonekana: umeme wa gridi katika nchi hizi hupiga mawimbi 50 kwa sekunde, wimbi moja likichukua milisekunde 20, kwa hiyo pengo lisilofika hata urefu wa wimbi moja linatosha kuikatisha pumzi mashine iliyobeba mzigo mkubwa, wakati taa ya chumbani haijapepesa na feni ya dari inaendelea kuzunguka. Mwenye mashine huapa kwamba umeme haukukatika, na kwa kadiri ya macho yake anasema kweli.

Mapengo na mashuko ya namna hiyo huletwa na pampu ya maji inapoanza kuvuta, na mashine ya kuchomelea ya jirani, na friji kubwa ya duka la soda lililo kwenye laini ileile. Ndiyo maana saa ya tukio, inayosomwa kwenye daftari la matukio, inafaa ilinganishwe na maisha ya mtaa: mashine inayojizima karibu kila siku baada ya karakana ya mageti kufunguliwa imekwisha kumtaja mshitakiwa wake. Wengi hudhani kwamba UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, huondoa shaka hiyo. Kwa kweli UPS yenyewe inaweza kuwa ndiyo mkosaji, kwa sababu zile za bei nafuu huupitisha umeme wa ukutani kama ulivyo na kuhamia kwenye betri unapoyumba, na betri ya risasi iliyomo ndani yake huchoka baada ya miaka michache, mapema zaidi penye joto; ikishachoka, kila UPS inapohamia kwenye betri huiangusha mashine iliyokabidhiwa kuilinda. Kuichomeka kompyuta moja kwa moja ukutani kwa siku mbili, bila ya UPS na bila ya ekstensheni ya soketi nyingi iliyolegea, hutoa jibu ambalo hakuna kipimo cha mkononi kitakachotoa kwa haraka hiyo.

Pawa saplai iliyozeeka nayo ina tabia yake. Huimudu mashine ikiwa imetulia, kisha huishiwa nguvu kazi inapopanda, na kwa hiyo mashine huweza kuandika barua asubuhi nzima na kujizima pale tu inapofunguliwa video au mchezo unaoitaka kadi ya picha ifanye kazi. Multimita haitoshi kuisafisha, kwa kuwa kifaa hicho huonyesha wastani na hakiwezi kulinasa anguko la milisekunde chache. Njia ya kuaminika ni kuazima pawa saplai nyingine inayojulikana kuwa nzima na kuijaribu. Kuifungua ile ya zamani si kazi ya mtu asiyefunzwa, na jambo hili linastahili kusemwa bila kupunguza ukali: umeme wa volti 230 ukishageuzwa ndani ya kisanduku hicho hufikia zaidi ya volti 300, na hubaki ndani ya kapasita zake hata baada ya plagi kung'olewa ukutani.

Kapasita zenyewe, hasa zile zilizo juu ya mazabodi ambako zinaweza kutazamwa kwa usalama mashine ikiwa imechomolewa, zinafaa ziangaliwe kwa tochi moja baada ya nyingine. Ni vimtungi vidogo vya bati, vinavyosimama kwa safu karibu na kichakataji, kazi yake ikiwa ni kuhifadhi umeme kidogo na kuulainisha kabla haujafika kwenye kichakataji. Kichwa cha kila kimoja kimechanjwa alama ya msalaba au ya herufi K, ili gesi ikijaa ndani ipasue hapo badala ya kulipua mtungi mzima. Kapasita nzima ina kichwa bapa kama sarafu. Iliyougua huwa imevimba kama mkate uliochachuka, midomo ya ule msalaba ikiwa imeanza kufunguka, na iliyokufa huwa imetoa utando wa kahawia uliokauka mithili ya chai iliyomwagikia sahani. Kati ya mwaka 1999 na mwaka 2007 hivi, dunia ilijaa kapasita mbovu, nyingi zikitoka kwa baadhi ya watengenezaji wa Taiwan, ambazo kimiminika chake kilikuwa na kasoro kikatoa gesi na kuzipasua kabla ya wakati, na kompyuta za miaka hiyo ziliendelea kuuzwa kama mitumba muda mrefu baada ya wenyewe wa kwanza kuziacha. Fundi wa redio mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuzibadilisha kwa gharama ndogo, mradi mpya ziwe na idadi ileile ya mikrofaradi, volti zisizopungua za awali, na uwezo wa kuvumilia nyuzi 105 za joto. Mazabodi nyingi zimetupwa jalalani kwa kukosa kazi hiyo ya saa moja.

Joto ni mshukiwa ambaye kila mtu humtaja na wachache humtafuta alipo. Feni ya kichakataji ikitazamwa kutoka juu huweza kuonekana safi na kuzunguka vizuri, kumbe chini yake, kati ya feni na hitisinki, lile pande la alumini lenye mapezi linalonyonya joto, limelala blanketi la vumbi la kijivu lililoshikamana kama sufi iliyotolewa ndani ya mto, na hewa yote inayosukumwa na feni inaishia hapo. Ni lazima feni ifunguliwe ili blanketi hilo lionekane. Blowa ikipigwa kutoka nje hulisogeza tu na kulikaza. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Zanzibar unyevu na chumvi huligeuza vumbi hilo kuwa utope mwembamba unaokula vyuma, kwa hiyo brashi kavu na uangalifu hufaa kuliko kupuliza peke yake. Chini ya hitisinki kuna pesti ya joto, mafuta mazito yanayojaza mianya isiyoonekana kati ya chuma na kichakataji, ambayo ikikauka na kuwa unga haipitishi joto inavyotakiwa na inapaswa kufutwa na kupakwa upya, kiasi cha punje ya njegere.

Vichakataji vingi vya Intel huwekewa kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na vingi vya AMD cha nyuzi 95 hivi, navyo vikikikaribia hupunguza mwendo kwanza kabla ya kufikia hatua ya kujizima. Kwa hiyo mashine inayouawa na joto huwa nzito kabla ya kufa. Ikiwashwa tena mara moja hukaa muda mfupi kuliko mwanzo. Na kwa kawaida hubaki imezimika mpaka mtu aiwashe. Ile inayojizima na kuwaka yenyewe katika nukta ileile ina mwenendo unaofanana zaidi na wa umeme au wa mfumo endeshi, na tofauti hiyo ndogo ya mwenendo ingeokoa pesti nyingi zinazopakwa mahali pasipohitaji.

Ramu hujulikana kwa kigeugeu. Mashine inayotoa skrini ya buluu yenye namba tofauti kila siku, leo ikilalamikia diski, kesho kadi ya picha, keshokutwa faili la mfumo, mara nyingi haina maradhi matatu bali ina kumbukumbu inayosahau, kwa maana kila programu inayopita kwenye chumba kibovu cha ramu hutoka ikiwa imeharibika kwa namna yake. Tiba ya kwanza ni ya mkono: kipande cha ramu huchomolewa, meno yake ya rangi ya dhahabu husuguliwa taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli mpaka wingu lililoyafunika liondoke na yang'ae, vumbi la kifutio hufutwa kwa kitambaa kikavu, kisha kipande hurudishwa mpaka vishikio vya pande zote mbili vilie. Tatizo likibaki, hutumiwa programu ya Memtest86, iliyoandikwa kwa mara ya kwanza na Chris Brady mwaka 1994, ambayo huwaka kutoka kwenye flashi bila ya Windows na kuandika na kusoma kila chumba cha kumbukumbu kwa mizunguko mingi. Huachwa usiku kucha, na kosa hata moja linatosha kuwa hukumu. Baada ya hapo vipande hupimwa kimoja kimoja, na katika nafasi tofauti, ili ijulikane kama kibovu ni kipande au ni tundu lake. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya ramu hupata angalau kosa moja kwa mwaka. Seva hizo zilikuwa na ramu inayoweza kujisahihisha, ambayo kompyuta za kawaida za mezani hazina.

Wakati mwingine, ni kweli, mkosaji ni programu. Mwezi Agosti mwaka 2003 virusi vilivyoitwa Blaster vilisambaa duniani kupitia mtandao, na kompyuta zilizoambukizwa zilionyesha kidirisha kinachohesabu sekunde 60 kabla ya kujiwasha upya. Mwaka uliofuata vikaja Sasser, vilivyoandikwa na kijana wa Kijerumani na vyenye dalili inayofanana na hiyo. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja lenye kasoro, lililotumwa na kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike, liliziangusha kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows, nyingi zikabaki zikiwaka na kuanguka mfululizo, na viwanja vya ndege, hospitali na benki katika nchi nyingi vikakwama. Kampuni ililiondoa faili hilo baada ya dakika 78, lakini mashine zilizokwisha kulipokea hazikuweza kukaa macho kwa muda wa kutosha kupokea marekebisho. Zilitibiwa kwa kuwashwa katika hali salama, ile inayopakia sehemu chache za lazima tu, na kulifuta faili hilo moja. Mamilioni ya mashine ziliugua siku moja, na nyaraka zilizokuwamo hazikuhitaji kuguswa.

Hata kichakataji, ambacho mafundi wamezoea kukisafisha kwa hoja kwamba hakifi kirahisi, kilipandishwa kizimbani mwaka huohuo, pale Intel ilipokiri kwamba baadhi ya vichakataji vyake vya mezani vya kizazi cha 13 na cha 14 vilikuwa vikiomba volti kubwa kupita kiasi na kuharibika taratibu, ikatoa marekebisho kupitia BIOS kuanzia Agosti 2024 na kuongeza miaka miwili kwenye dhamana. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya; kichakataji kilichokwisha kudhurika hakirudi kuwa kizima.

Katika uchunguzi wote huu kitu kimoja tu hubadilishwa kwa wakati mmoja, na kila badiliko huandikwa pamoja na tarehe yake. Fundi anayebadilisha ramu, pesti na pawa saplai kwa siku moja anaweza kuiponya mashine, ila hatajua amelipisha mteja kwa dawa gani, na mashine ya pili yenye dalili hizohizo itamkuta mjinga vilevile. Mashine inayojizima mara moja kwa wiki inahitaji wiki mbili za ukimya kabla ya kuitwa nzima, na mteja ana haki ya kuambiwa hivyo tangu siku ya kwanza, hata kama anaihitaji kesho.

Anabaki mshukiwa mmoja ambaye huachwa kwa sababu ni mdogo mno. Mbele ya kasha kuna kitufe cha kuwashia, na kwenye makasha mengi kitufe kidogo cha kuanzisha upya, na kutoka nyuma ya kila kimoja hushuka nyaya mbili nyembamba mpaka kwenye meno ya mazabodi. Kitufe cha kuwashia kikishikiliwa kwa sekunde nne mazabodi huikata mashine bila kuuliza, na kitufe cha kuanzisha upya hakihitaji hata sekunde moja. Plastiki yake ikikwama kwa vumbi la miaka, au goti la mtu likiligusa kasha chini ya meza, amri hutolewa bila ya mtu yeyote kukusudia. Nyaya hizo huchomolewa, meno mawili ya kuwashia huguswa kwa ncha ya bisibisi kwa nukta moja tu, na mashine huachwa ifanye kazi hadi jioni.